Nani Atamletea Baba Ngozi

Jumapili ile hatujamaliza hata chai, baba akatangaza kwamba atawarudisha ng'ombe wake wote kutoka Ngorongoro, awauze mnadani, na fedha yote anunue hisa za kampuni ya kilimo inayoitwa Nyota ya Nyanda. Alisema hivyo huku anapuliza kikombe, kama mtu anayesema atapita dukani kuchukua chumvi. Nikamtazama mdogo wangu Silvanus. Alikuwa amevaa kofia mpya ya kijani yenye nembo ya kampuni hiyo hiyo, na alikuwa anatazama dari. Nikajua maneno yale yametoka wapi.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa hisa. Nafundisha uhasibu sekondari hapa Karatu, na ninazo hisa zangu chache za benki moja ambazo kila mwaka zinanipa gawio la kununulia mbolea. Kilichonipandisha hasira ni kwamba wale ng'ombe ndio kitu pekee baba alichobaki nacho. Shamba la Qurus alishawagawia wanawe. Nyumba tunayoishi hapa Rhotia nimejenga mimi. Magoti yake hayamruhusu tena kushika jembe. Ng'ombe wakiondoka na kampuni ikaanguka, Mzee Piusi, ambaye maisha yake yote hajawahi kumwomba mtu kitu, ataanza kuniomba hela ya ugoro. Na mimi nitampa, lakini najua ataacha ugoro kabla hajaniomba mara ya pili.

"Silvanus," nikasema, "umemwambia nini baba?"

"Mimi? Nimemwambia ukweli." Silvanus ni dereva wa watalii, na mdomo wake umezoea kuuza mandhari. "Walikuja pale hotelini mjini, wakatuita madereva wote. Kuna jamaa mmoja anaitwa Wilibrodi, wakala wao, msomi kabisa. Dada, ungeona picha. Ngano mpaka jicho linachoka. Mashine za kumwagilia zinazunguka zenyewe. Hisa moja bei ya soda mbili! Na gawio wanatoa kila mwaka."

"Ulisoma taarifa yao ya mwaka?"

Akaitoa kwenye mkoba wake. Ilichapwa kwenye karatasi nzuri za kung'aa, na kwa namna zilivyoshikana nilijua hakuna mtu aliyefungua zaidi ya kurasa za picha. Nikaichukua, nikaenda nayo jikoni, nikaisoma nikiwa nimesimama huku maharage yanachemka.

Haikuwa na siri yoyote. Wala sikugundua kitu ambacho walikuwa wamekificha. Mambo yote yalikuwa mle, yameandikwa kwa herufi za kawaida, mtu yeyote aliyepitia kidato cha tatu kwangu angeyaona. Kampuni ilikuwa imekopa mikopo mikubwa miwili ya muda mrefu, ya mashine zile zinazozunguka na ya maghala ya chuma. Kwa kila shilingi moja ambayo wenye hisa walikuwa wameweka, kulikuwa na karibu shilingi tatu za benki. Faida ya kilimo ilikuwepo, tena nzuri, lakini katika kila shilingi mia ya faida hiyo, themanini zilikwenda kulipa riba peke yake. Na mkopo mkubwa kuliko wote ulikuwa wa aina ile ambayo unalipa riba miaka yote, halafu mwishoni unatakiwa kurudisha mtaji wote, fedha yenyewe uliyokopa, kwa mkupuo. Mwisho wenyewe ulikuwa mwaka wa kesho kutwa.

Nikarudi sebuleni nikiwa na uhakika kwamba mazungumzo yangechukua dakika tano.

"Baba," nikasema, "hii kampuni ina deni kubwa la muda mrefu."

"Muda gani?"

"Miaka kumi na miwili. Na lingine miaka kumi."

Baba akaweka kikombe chini. Uso wake ulichangamka kama vile nimemletea habari ya harusi. "Benki imewaachia fedha yake miaka kumi na miwili?"

"Ndiyo."

"Na haijaenda kuichukua?"

"Bado, baba, lakini..."

"Basi ni watu wa kuaminika hao," baba akasema, akachukua kikombe chake tena.

Silvanus aligonga meza kwa furaha. Mimi nilibaki nimeshika taarifa ile mkononi, mwalimu mzima.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kufikiri baba ni mjinga. Si mjinga hata kidogo. Kwetu, ukiwa na ng'ombe kuliko malisho, unamwekea mwenzako baadhi. Yeye anakunywa maziwa, anatumia samadi, na siku moja moja unamwachia ndama. Ng'ombe anabaki wako na uzao ni wako. Sasa, ng'ombe hao wanakaa huko muda gani? Kadiri wanavyokaa ndivyo heshima inavyokua. Ukimwekea mtu ng'ombe leo na mwezi ujao ukaenda kuwachukua, umemtukana mbele ya ukoo wake. Ukiwaacha mpaka watoto wenu wamezaa, huo ni undugu. Deni la mwezi mmoja ni la dukani, la mtu anayeandikwa kwa sababu mwenye duka ana wasiwasi naye. Deni la miaka ni la mtu mzima.

Ndivyo alivyokulia baba, na ndivyo ng'ombe wake mwenyewe walivyofika Ngorongoro. Zamani alikuwa anampelekea mahindi Mmaasai mmoja wa upande wa Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, anayeitwa Kasaine, maana kule hawaruhusiwi kulima. Wakazoeana. Malisho ya Rhotia yalipokwisha, yote yakawa mashamba, baba akawapeleka ng'ombe wake kwa Kasaine. Tangu hapo hawaitani kwa majina. Wanaitana Pakiteng, kama Wamaasai wanavyoitana watu waliopeana ng'ombe.

Nikaweka kiti karibu naye. Nikaanza upya, taratibu, kwa sauti ninayotumia kwa wanafunzi wanaokaa nyuma.

"Baba, deni la muda mrefu lenyewe si baya. Mashine inayofanya kazi miaka ishirini huwezi kuilipa kwa mavuno ya msimu mmoja. Ni sawa kuilipa polepole. Ila unatakiwa uulize, je, shamba linaingiza fedha ya kutosha kulipa riba, kulipa na mtaji, na bado ikabaki ya mwenye hisa?"

"Umesikia?" Silvanus akadakia. "Amesema mwenyewe si baya."

"Sijamaliza!"

"Lakini umelisema."

"Riba inakula themanini katika mia, Silvanus. Mvua ikikosea msimu mmoja tu, bei ya ngano ikishuka kidogo tu, hiyo ishirini iliyobaki imekwenda. Na benki haitaki kujua mvua ilinyesha au haikunyesha."

"Mbona gawio wanatoa?"

"Wametoa gawio mwaka ule ule walioongeza mkopo! Wamekopa huku, wamegawa huku, ili watu kama wewe mvae kofia."

Silvanus akanuna. Baba alikuwa anasikiliza kwa utulivu, na nilidhani nimempata. Nikaona nimalizie kwa pigo kubwa.

"Tena mkopo wenyewe ni wa dola, baba. Wao wanauza ngano kwa shilingi, lakini wanalipa kwa dola. Dola ikipanda, deni linapanda hata kama hawajakopa tena senti moja."

"Wa dola?" baba akauliza, akimgeukia Silvanus.

"Dola kabisa, baba."

Baba akatikisa kichwa kwa heshima. Lazima mjue kwamba Karatu nzima inakula kwa dola za wageni. Hapa kwetu mtu akipata kazi inayolipa kwa dola, anachinja mbuzi. Nilikuwa nimeleta sababu ya kuogopa, na wao wakaipokea kama cheti cha sifa. Nilitoka nje nikaenda kukata majani ya ndizi ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Mambo yaliendelea hivyo karibu wiki mbili. Kila jioni nilijaribu kwa njia nyingine, na kila njia iliziba. Nilimwambia kwamba kampuni ikishindwa, benki ndiyo inalipwa kwanza na mwenye hisa anasimama mwisho wa foleni. Akasema mgeni hulishwa kwanza nyumba yoyote yenye adabu. Nilimwambia mashamba ya kampuni yamewekwa dhamana. Akasema hata yeye aliwahi kuacha baiskeli yake kwa fundi. Nilipandisha sauti. Akaniambia, kwa upole wake ule unaoniua, "Hyasinta, mwanangu, wewe umesoma madeni mpaka huwaoni tena watu." Usiku nilikuwa nalala nimekunja ngumi. Mimi ninayewafanya watoto wa miaka kumi na sita waelewe mizania, nimeshindwa na baba yangu mwenyewe, na anayenishinda ni dereva aliyevaa kofia ya bure.

Jumamosi iliyofuata Silvanus akaja na gari lake la watalii, lile linalofunguka paa, kumchukua baba. Walikuwa wanakwenda kwa Kasaine kumwambia kwamba lori la kubeba ng'ombe litakuja wiki ijayo. Nikapanda nyuma bila kualikwa.

"Dada, unakwenda kufanya nini?"

"Kuwaaga ng'ombe," nikasema.

Getini Silvanus anajulikana, akalipa vibali, tukapita. Huko juu ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito, na wageni walikuwa wamesimama pale pa kupigia picha wakisubiri ufunguke. Silvanus alipunguza mwendo kwa mazoea, akakumbuka amebeba nduguze, akakanyaga mafuta. Tulipoteremka upande wa pili ukungu uliisha ghafla na nchi ikawa kavu. Ilikuwa Novemba na mvua za vuli zilikuwa hazijafika huko. Ng'ombe tuliowapita walikuwa wamesimama tu, mbavu nje, hata hawali. Baba alishusha kioo akawatazama.

Kasaine alitupokea nje ya boma. Ni mzee mrefu, mkubwa kuliko baba kidogo, na amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Niliinamisha kichwa akakigusa, akaniambia "Takwenya," nikajibu "Iko," akacheka kwa jinsi ninavyolitamka. Mkewe Naishorua alitupa chai. Ilikuwa na maziwa machache sana. Pale pale nikajua kuna jambo, kwa sababu nyumbani kwa Kasaine chai huwa nyeupe.

"Pakiteng," Kasaine akamwambia baba, "mimi nilikupigia simu nikasema njoo."

"Ulisema. Magoti haya."

"Ehe. Sasa umekuja."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba ngozi za ng'ombe zilizokauka, ngumu kama mbao. Alizitandika chini mbele ya baba, moja, mbili, tatu. Kila moja ilikuwa na masikio yake. Akachuchumaa pembeni.

Nilimwona baba anainama kwa shida. Akashika sikio la kwanza, akalipapasa kwa kidole gumba mahali palipochanjwa alama yake. Akashika la pili. Kwenye la tatu alikaa muda mrefu kidogo.

"Huyu ni yule wa kahawia," akasema.

"Ndiye. Alikuwa na mimba."

"Wewe umepoteza wangapi?"

Kasaine akachora kwa mkono hewani, ishara ya kufagia. "Wangu mimi sikuhifadhi ngozi. Nimeuza. Hizi ni zako, sikuuza."

"Pole, Pakiteng," baba akasema. "Pole sana."

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Najua sikupaswa kusema, mwanamke, mgeni, mbele ya wazee wawili. Lakini wiki mbili nilikuwa nasema bila kusikilizwa, na sasa nilikuwa namwona baba yangu amepoteza robo ya mali yake, na ndiye anayetoa pole.

"Pole yeye? Na hawa watatu nani anawalipa?"

"Hyasinta!" baba akafoka.

"Nauliza tu. Waliwekwa hapa wakiwa wazima. Wamekufa mikononi mwake."

Kasaine hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanateremka. "Mtoto wangu, wamekufa kwa ukame. Sikuwala mimi. Ng'ombe wa baba yako akifa, amekufa wa baba yako. Mimi naleta ngozi, yeye anaona alama, tumemaliza."

"Hasara yote ni ya mwenye ng'ombe?"

"Sasa iwe ya nani?" Kasaine akauliza. "Na wakizaa, uzao si wake?"

Nikazitazama tena zile ngozi. Wiki mbili nzima nilikuwa nimehangaika kumweleza baba kuhusu anayedaiwa. Nilikuwa nimesema kampuni inadaiwa, kampuni ina mzigo, kampuni itaanguka. Na yeye kila mara alikuwa anaiona kampuni kama Kasaine, mtu aliyeaminiwa ng'ombe wa watu. Sikuwahi kumwambia yeye mwenyewe atakuwa nani.

Nikapiga magoti kwenye vumbi pale kwenye ngozi.

"Baba, nisikilize mara moja tu, halafu sitasema tena. Ukinunua hisa za ile kampuni, wewe huwi benki. Wewe unakuwa mwenye ng'ombe. Wakizaa, uzao ni wako. Wakifa, hasara ni yako. Wewe ndiye utakayeonyeshwa ngozi."

Baba akarudia maneno yangu. "Mimi mwenye ng'ombe."

"Ndiyo."

"Na benki?"

"Benki ni mtu aliyeweka ng'ombe watatu kwenye boma lako kila ulipoweka mmoja. Lakini yeye hapokei ngozi. Ng'ombe wake akifa kwa ukame, bado anamdai mzima. Na ndama wa kila mwaka anamdai, hata kama jike hakuzaa. Usipokuwa naye, anachukua wa kwako."

Kasaine alikuwa amesogea kusikiliza. Akacheka kwa mshangao. "Ng'ombe amekufa, ngozi hii hapa, na bado anamdai?"

"Bado, mzee."

"Kwa miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Ai!" Kasaine akamgeukia Naishorua, akamtafsiria kwa Kimaasai. Naishorua akaziba mdomo kwa mkono. "Mtu gani anapokea ng'ombe kama huyo?"

"Kampuni, mzee," Silvanus akasema kwa ukali. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha gari, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. "Kampuni kubwa. Ina mashine. Haifugi kwa kubahatisha kama hapa. Samahani, mzee, lakini ndiyo hivyo. Leo watatu wamekufa, kesho watakufa wote, na baba atabaki na rundo la ngozi. Bora hisa."

Na hilo nalo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma. Baba alizitazama ngozi, akanitazama mimi, akamtazama Silvanus.

"Yule mtu wako, Wilibrodi. Ana simu?"

"Anayo."

"Mpigie. Nina swali moja."

Mtandao kule unapatikana mahali pa juu tu. Silvanus alipanda juu ya boneti la gari, akainua simu, akaweka sauti kubwa. Baba akasimama chini yake, mkono mmoja kwenye fimbo, uso ameuinua. Kasaine akasimama naye. Ilikuwa picha ya kuchekesha, ila mimi sikuwa na cheko.

"Silva, mkubwa!" Sauti ya Wilibrodi ilikuja nzuri, imenyooka. "Mzee ameshakuwa tayari?"

"Mzee yupo hapa, ana swali."

"Karibu sana, mzee wangu! Shikamoo!"

"Marahaba. Mimi naitwa Piusi, niko kwa rafiki yangu huku Endulen. Nataka kujua jambo moja. Hiyo kampuni yenu ikifa, nani ataniletea ngozi?"

"Samahani mzee, ngozi?"

"Ngozi."

"Aaa, mzee wangu, sisi hatufugi. Sisi ni kilimo. Ngano, shayiri, na mbegu za maharage. Ila kuna mpango wa kupanua..."

Nilimwonea Wilibrodi huruma kwa nusu dakika, kisha hasira ikarudi. Nikasogea chini ya simu. "Kaka, mzee anauliza hivi. Mkopo wenu mkubwa unaiva mwaka wa kesho kutwa. Mtaji wote unatakiwa kwa mkupuo. Mkishindwa kuulipa, mwenye hisa anabaki na nini?"

Ng'ombe mmoja alikohoa ndani ya boma.

"Dada, hayo ni maswali mazuri sana," Wilibrodi akasema hatimaye. "Ni maswali ya kitaalamu. Uongozi una mkakati. Naomba niwasiliane na ofisi, halafu nitawapigia."

"Lini?" baba akauliza.

"Nitawapigia, mzee wangu. Msiwe na wasiwasi kabisa."

Simu ikakatika. Silvanus alibaki juu ya boneti akiitazama, kana kwamba tatizo ni mtandao.

Baba akarudi polepole kwenye ngozi zake, akakaa juu ya kigoda. Halafu akaniita kwa cheo changu, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Mwalimu. Wewe niambie. Yule hajui, au anajua. Lakini wewe umesoma. Hiyo kampuni ikifa, nani atakuja Rhotia anitandikie ngozi nione alama yangu?"

Ningeweza kumdanganya kidogo. Ningeweza kumwambia kuna mfilisi, kuna mkutano, kuna barua. Lakini nilikuwa nimechoka, na aliuliza vizuri.

"Hakuna atakayekuja, baba. Na ngozi yenyewe haitakuwepo. Shamba limewekwa dhamana. Mashine zimewekwa. Hata ngano ambayo haijapandwa imewekwa. Hata ngozi imeshaandikwa ni ya benki."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza walipokopa."

Baba alipapasa sikio la yule ng'ombe wa kahawia kwa muda. Nilipomtazama usoni niliona amekasirika, na ilikuwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze. Sikujua kama amekasirikia kampuni, au Silvanus, au mimi niliyechelewa kusema.

"Basi hao hawakuaminiwa," akasema. "Miaka kumi na miwili, hawakuaminiwa hata siku moja. Mtu unayemwamini huandiki ngozi yake siku unapompa ng'ombe."

Akamwomba Kasaine amsaidie kusimama. Walizunguka boma wawili, wakawakagua ng'ombe tisa waliobaki, mmoja mmoja, wakibishana ni yupi ataweza kutembea mpaka mnadani na yupi hataweza. Walipatana wauze madume wawili kabla hawajakonda zaidi, fedha wanunulie pumba na mahindi kwa ajili ya waliobaki, wa baba na wa Kasaine pia. Silvanus atayaleta kwa gari lake. Hakuna aliyemuuliza Silvanus.

Kwa hiyo nilishinda. Nilipanda gari nikitafuta furaha ya ushindi na sikuiona. Baba atabaki na ng'ombe saba tu, mvua haijanyesha, na pumba itakwisha. Mwakani naweza kurudi pale nikaoneshwa ngozi nyingine. Hesabu nilizompigia zilikuwa sahihi zote, na hakuna hata moja iliyompa baba yangu uzee salama. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo ninapoandika. Nilijua kumwonyesha mahali pasipofaa kuweka mali yake, na sijui bado mahali pa kuiweka.

Silvanus alitaka kuzitupa ngozi nyuma, kwenye sakafu, zisichafue viti vya wageni wake. Baba alikataa. Alizipakata mapajani njia nzima, ngumu, zinanuka, zinagonga kioo kila tulipopita shimo. Ukingoni ukungu ulikuwa umefunguka, na wageni walikuwa wanapiga picha. Simu ya Silvanus ilikuwa na mtandao mzuri kabisa pale juu. Baba akamwambia asimame.

"Kwa nini, baba?"

"Yule alisema atapiga."

Silvanus akazima gari. Tulikaa pale sisi watatu, simu ikiwa juu ya dashibodi, kofia ya kijani pembeni yake, mpaka wageni wote walipoondoka. Kisha baba akasema twende nyumbani.